Je, filamu ya kijana wa mawimbi inaweza kumwandaa mtoto kwa maisha ya theluji?

SWALI: Mume wangu amepata kazi mjini Burlington, jimbo la Vermont, Marekani, na mimi na watoto tunatarajia kumfuata mwezi wa Oktoba. Mwanangu wa kiume ana miaka 13, amekulia Diani, na kwa miaka kadhaa sasa amekuwa akijifunza kuteleza baharini kwa ubao unaovutwa na tiara. Binti yangu ana miaka 9 na hapendi michezo. Shemeji yangu ametushauri tutazame filamu ya "Johnny Tsunami", inayomhusu kijana wa Hawaii aliyehamia mji wa theluji. Je, yaliyomo ni ya kweli? Mwanangu atazoea upesi kama yule kijana? Tuitazame kabla ya safari au tukishafika? Na ubao wake auchukue au auache? (Mama wa wawili, Ukunda)

JIBU: Dada mpendwa, filamu hiyo inafaa kutazamwa na watoto wako wote wawili, na mambo mengi ndani yake yana msingi wa kweli, yakiwemo baadhi ambayo huenda ukadhani yametungwa ili kunogesha hadithi. Tatizo lake liko mahali pengine. Inamfanya kijana mgeni apokewe kwa sababu ana kipaji ambacho wenyeji wanakithamini, na mtoto anayeitazama akiwa amekwisha kufunga mizigo anaweza kuamini kwamba nafasi yake ugenini itategemea kushinda. Nitayajibu maswali yako huku nikilikumbuka jambo hilo, kwa sababu litawagusa wanao kwa namna tofauti: kaka ana ubao, na dada yake hana.

Nianze na filamu yenyewe, kwa ufupi. Ilitengenezwa kwa ajili ya chaneli ya televisheni ya Disney na ikaonyeshwa mara ya kwanza Julai 1999. Mhusika mkuu, Johnny Kapahala, aliyeigizwa na Brandon Baker, ana umri sawa na wa mwanao, na ameteleza juu ya mawimbi tangu utotoni akiwa chini ya mkono wa babu yake, bingwa wa zamani ambaye ndiye mwenye lile jina la filamu na ambaye ameigizwa na Cary-Hiroyuki Tagawa. Baba yake, Pete, ni mtaalamu wa kompyuta. Kazi inampeleka Vermont kuweka mfumo wa kompyuta katika shule moja ya binafsi, na familia nzima inahama pamoja naye. Huko Johnny anakuta mlima uliogawanywa: wanafunzi wa shule ya binafsi wanateleza kwa skii, yaani mbao mbili nyembamba, moja kwa kila mguu, upande wao, wanafunzi wa shule ya umma wanateleza kwa ubao mmoja upande wao, na anayevuka mpaka amejitafutia ugomvi. Yeye ameandikishwa katika shule ya watu wa skii, lakini ubao ndio unaomvuta, na rafiki wa kwanza anayempata, Sam, aliyeigizwa na marehemu Lee Thompson Young, ni wa upande wa ubao.

Kabla ya kulinganisha safari ya Johnny na ya mwanao, ni vizuri kukumbuka kwamba Johnny hakuvuka mpaka wa nchi. Hawaii ilikuwa ufalme uliopinduliwa mwaka 1893, ikatwaliwa na Marekani mwaka 1898, na ikawa jimbo mwaka 1959. Kijana wa Hawaii anapohamia Vermont hana viza ya kusubiri, hana cheti cha shule cha kutafsiriwa wala lafudhi itakayowafanya wenzake wamwombe arudie alichosema. Filamu pia inapita kando ya suala la rangi, ingawa Johnny ana asili ya Kihawaii na Sam ni Mmarekani mweusi katika jimbo ambalo takriban tisa kati ya kila wakazi kumi ni Wazungu. Silaumu sana, kwa kuwa ni filamu ya watoto ya saa moja na nusu hivi, lakini wewe usilipite jambo hilo kimya, maana mwanao ataliona siku ya kwanza atakapoingia darasani.

Kwa upande mwingine, wanao watakuwa na kitu ambacho Johnny hakuwa nacho. Burlington na mji jirani wa Winooski vimepokea kwa miaka mingi familia za wakimbizi kutoka Kongo, Burundi na Somalia, na miongoni mwao wapo wengi wanaozungumza Kiswahili. Hakitakuwa Kiswahili cha Ukunda, na huenda mwanzoni mkachekana kwa maneno, lakini mtoto aliyehama hufarijika sana anaposikia dukani au kwenye basi lugha anayoielewa bila kujitahidi.

Sasa nije kwenye swali la ubao, ambalo naona ndilo linalomsumbua mwanao zaidi. Katika filamu, Johnny anaanguka vibaya mara ya kwanza, kisha anagundua kwamba theluji inaweza kuchukuliwa kama wimbi lililoganda, na baada ya muda mfupi wa picha na muziki anashuka mlima kama aliyezaliwa huko. Sehemu ya hayo ni kweli. Michezo yote ya kusimama ubavu juu ya ubao ina mambo ya pamoja: mtu ana mguu wake wa mbele, wa kushoto au wa kulia, na mguu huo haubadiliki anapotoka majini kwenda kwenye theluji, anajua kukunja magoti badala ya kukunja kiuno, anajua kwamba mwili huenda kule macho yanakoelekea, na zaidi ya yote hashangazwi na hali ya kuwa na kitu kinachokimbia chini ya nyayo zake. Mtoto ambaye hajawahi kupanda ubao wowote hutumia saa nyingi kujifunza hayo peke yake. Mwanao ataanza akiwa amekwisha kuyajua.

Hata hivyo kuna tofauti ambazo filamu inaziruka. Anayeteleza juu ya wimbi ana miguu huru na anaweza kuisogeza mbele na nyuma, na hugeuza ubao kwa kukandamiza mguu wa nyuma, karibu na mapezi yaliyo chini ya mkia. Ubao wa theluji hauna mapezi. Miguu yote miwili imefungwa, na ubao hugeuzwa kwa kuulaza ubavu ili ukingo wake wa chuma uume theluji, upande wa visigino au upande wa vidole. Uzito wa anayejifunza unatakiwa uelekee mguu wa mbele, yaani chini ya mteremko, mahali ambapo hofu inamwambia asielekee. Akiogopa na kuegemea mguu wa nyuma, ncha ya mbele ya ubao inakuwa nyepesi, haitii tena, na ubao unazidi kukimbia. Mtu aliyezoea kugeuza kwa mguu wa nyuma baharini hulazimika kwanza kuusahau ustadi wake, na hapo ndipo mabingwa wengi wa mawimbi wanapoaibishwa na watoto wadogo wa mlimani.

Mwanao, nadhani, yuko karibu zaidi na theluji kuliko alivyokuwa Johnny, na nitaeleza kwa nini. Diani ina mwamba wa matumbawe unaoyavunja mawimbi mbali na ufuo, kwa hiyo vijana wa huko hawategemei wimbi. Wanategemea upepo wa kusi na wa kaskazi. Ubao wanaoutumia wengi wao una mikanda ya kuingiza miguu, na kazi yao kubwa ni kuulaza ubavu ili ukingo wake ukate maji na kushindana na mvuto wa tiara. Kushikilia ukingo kwa visigino kwa muda mrefu ndilo somo la kwanza analofundishwa mtu kwenye theluji, na mwanao amekuwa akilifanya bila kulijua. Atakachokosa ni ile kamba ya kuegemea. Baharini akiegemea nyuma, tiara inamshikilia. Mlimani akiegemea nyuma, anakaa chini. Mwambie hivyo kabla hajafika, kwa maneno hayo hayo, na utakuwa umemwokolea maumivu ya siku nzima.

Maumivu yenyewe yanastahili kutajwa. Maji humpokea anayeanguka, ilhali theluji iliyoshindiliwa na mashine ni ngumu, na wanaoanza ubao wa theluji huumia zaidi vifundo vya mikono, kwa sababu mtu anayeanguka hunyoosha kiganja kujizuia. Kofia ngumu na kinga za vifundo si mapambo. Johnny na wenzake kwenye filamu hawazingatii hayo kama anavyopaswa kuzingatia mtoto wa leo, na hapo mzazi hana budi kuwa mkali.

Kuna jambo jingine linalohusu theluji, ambalo mtazamaji wa Pwani hawezi kuligundua kwa macho. Filamu inasema Vermont, lakini milima unayoiona ni ya Utah, upande wa magharibi mwa Marekani, maelfu ya kilomita kutoka huko, na sehemu za Hawaii zilipigwa Hawaii kwenyewe. Theluji ya Utah husifiwa kwa ukavu na wepesi wake. Inaanguka kwa wingi, inakaa kama unga, na kuanguka ndani yake hakuumizi sana. Vermont iko chini zaidi na iko kwenye njia ya hewa yenye unyevu. Kilele chake kirefu kuliko vyote, Mount Mansfield, kina mita 1,339 tu. Majira ya baridi huko mvua hunyesha katikati ya wiki, baridi kali hurudi usiku, na asubuhi mteremko umekuwa barafu tupu. Wenyeji wanajivunia jambo hilo, wakisema aliyejifunza kwenye barafu ya mashariki ataweza kuteleza popote. Mwanao akishafika asidhani amedanganywa au kwamba yeye ndiye asiyejua. Theluji aliyoiona kwenye filamu haikuwa ya mji atakaoishi.

Ugomvi wa skii na ubao, ambao huenda ukauona kama mzaha wa waandishi, ndio sehemu iliyo karibu zaidi na historia. Ubao wa theluji ulianza kama kitu cha kuchezea. Mwaka 1965 huko Muskegon, jimbo la Michigan, Sherman Poppen aliunganisha skii mbili ili binti zake wasimame juu yake na kuteleza kama watu wa mawimbini, na wazo hilo likauzwa kama mchezo wa watoto. Mwaka 1977 Jake Burton Carpenter alianza kutengeneza mbao zake Londonderry, Vermont, kwa hiyo jimbo mnalohamia ndilo moja ya vitovu vya mchezo huu duniani. Lakini vituo vingi vya kuteleza havikuwataka watu wa ubao. Vilihofia bima na ajali, na wateja wa skii, ambao wengi wao walikuwa watu wazima wenye fedha, waliwaona vijana hao kuwa wahuni wanaokwangua theluji na kukaa katikati ya njia. Stratton, huko huko Vermont, ilikuwa miongoni mwa vituo vikubwa vya kwanza kuwafungulia mlango, mwaka 1983, na mchezo haukuingia katika Olimpiki hadi Nagano mwaka 1998. Filamu ilitoka mwaka uliofuata, wakati ambapo vita hiyo ilikuwa inaelekea kwisha lakini kila kijana aliyeteleza bado aliikumbuka.

Haijaisha kabisa hata sasa. Vipo vituo vitatu Marekani vinavyoendelea kukataza ubao: Mad River Glen, ambacho kiko Vermont na kinamilikiwa na ushirika wa watelezaji wenyewe, na Alta pamoja na Deer Valley, ambavyo vyote viwili viko Utah, jimbo ambamo filamu hii ya kutetea ubao ilipigwa. Mwaka 2014 watu wa ubao walikishtaki kituo cha Alta, wakidai kwamba katazo hilo ni ubaguzi kwa kuwa sehemu ya ardhi yake ni ya serikali, na wakashindwa. Mahakama ya rufaa ikathibitisha hukumu hiyo mwaka 2016. Kwa hiyo mwanao akitazama vijana wanazuiwa kuvuka upande wa pili wa mlima, mwambie kwamba yako maeneo ambako yeye mwenyewe angezuiwa leo, na kwamba karibu kila mahali pengine watu wa skii na wa ubao wanapanda lifti moja bila kutazamana mara mbili.

Kuna upande wa ugomvi huo ambao unaweza kumpotosha mzazi wa Kenya kuliko mtoto. Filamu inaweka skii pamoja na shule ya binafsi na ubao pamoja na shule ya umma, na mtu aliyezoea kwetu kwamba mwenye uwezo hulipia shule anaweza kuhitimisha kwamba shule ya umma huko ni ya walioshindwa. Vermont si hivyo. Shule ya umma ndiyo shule ya mtaa, inalipiwa na kodi, na watoto wa daktari na wa dereva hukaa darasa moja. Aidha, sheria ya shirikisho, tangu hukumu ya kesi ya Lau dhidi ya Nichols ya mwaka 1974, inazitaka shule zinazopokea fedha za serikali kuu kuwasaidia wanafunzi ambao Kiingereza chao hakijatosha ili washiriki masomo kikamilifu. Wanao wamesoma kwa Kiingereza na huenda wasihitaji msaada huo, lakini wakipewa mtihani wa lugha siku ya kuandikishwa msione kwamba wamedharauliwa.

Nirudi sasa kwenye lile nililolitaja mwanzoni. Hadithi inakwenda kwenye mashindano: Johnny anashindana na Brett, kinara wa watu wa skii, anashinda, na mlima unafunguliwa kwa wote. Ni mwisho unaofurahisha, na ni mwisho unaosema kwamba mgeni hupata haki baada ya kuwa bora kuliko mwenyeji. Vipi kama angeshindwa? Vipi kama angekuwa mtoto wa kawaida, asiye na babu mashuhuri wala mwili mwepesi, anayependa kuchora au kukaa na kitabu, kama nadhani alivyo binti yako? Filamu haina jibu kwa mtoto huyo, kwa sababu haikuwahi kumfikiria. Na hata mwenye kipaji anaweza kudhurika. Kijana anayeamini kwamba ubao ndio utakaomnunulia marafiki atauogopa mlima siku atakayoanguka mbele yao, na kwa jinsi nilivyoeleza hapo juu, siku hiyo itakuja mapema.

Hata hivyo ndani ya filamu hiyo hiyo kuna jibu jingine, na ningependa mlitafute pamoja. Mtazameni Sam. Anamkaribisha Johnny wakati Johnny hajui hata kusimama kwenye theluji. Hamkaribishi kwa sababu ya umaarufu wa babu wala kwa sababu ya ushindi, ambao bado haujatokea. Anamwona mtu anayeanguka, anamsaidia kuinuka, na anaanza kumfundisha. Na ukimfuatilia vizuri utagundua sababu. Baba yake Sam ni mwanajeshi, na kabla filamu haijaisha anapewa amri ya kuhamia Iceland. Huyu ni mtoto anayejua maana ya kuwa mpya, na ambaye muda si mrefu atakuwa mpya tena. Johnny ana mlima wa kushinda, lakini Sam hana chochote cha kushinda. Uhamisho wa baba yake hautasimamishwa kwa mbio. Waandishi walimweka pembeni kama rafiki wa shujaa, na kwa maoni yangu yeye ndiye mhusika aliyeandikwa kwa ukweli zaidi katika filamu nzima. Binti yako hahitaji ubao ili awe kama Sam. Anahitaji kumtambua mtoto mwingine aliyekaa peke yake, na katika shule za Burlington na Winooski, zenye wageni wengi kama nilivyosema, hatamkosa.

Jambo la pili la kuliangalia ni ule uhusiano wa wanaume watatu wa familia moja. Babu aliishi kwa ajili ya bahari. Pete alikulia ndani ya maisha hayo, akayachoka, na akaamua kwamba mtoto wake atakuwa na elimu na kazi ya kueleweka. Johnny anamwona babu kuwa ndiye anayemjua. Sisi tunaoufahamu utani wa babu na mjukuu hatutashangaa kwamba kijana anakimbilia kwa babu kile asichoweza kumwambia baba. Wala heshima anayopewa mzee huyo si ya kubuni. Kuteleza juu ya mawimbi ni urithi wa kale wa Wahawaii uliofifia sana katika karne ya 19, ukafufuka Waikiki mwanzoni mwa karne ya 20, na mtu aliyeutangaza duniani, Duke Kahanamoku, alikuwa pia muogeleaji aliyeshinda dhahabu ya mita 100 katika Olimpiki za 1912 na 1920. Mzee wa mawimbi huko ni mtu wa hadhi. Lakini mimi ningependa mume wako naye aitazame filamu hii, hata kama ni kwa simu akiwa huko aliko, kwa ajili ya Pete. Filamu inamchukulia kama mtu mgumu ambaye lazima alainishwe, ilhali ni mzazi aliyehama kwa ajili ya riziki ya watoto wake na kukuta kwamba hawakumshukuru. Mtoto wa miaka 13 hataliona hilo bila kusaidiwa.

Liko tukio moja ambalo mtalazimika kulijadili waziwazi. Sam anapopata habari za Iceland, yeye na Johnny wanatoroka na kwenda Hawaii kwa babu, na babu anarudi nao Vermont. Filamu inalipokea tendo hilo kwa upole kwa sababu linaifikisha hadithi inakotakiwa kufika. Usilifanyie hotuba. Muulize mwanao tu: siku ukilemewa huko, utampigia nani simu, na je, namba yake unaijua kwa kichwa? Kisha hakikisheni kwamba babu au mjomba aliye Kwale anajua kwamba simu hiyo inaweza kuingia usiku wa manane, kwa kuwa tofauti ya saa kati yenu itakuwa saba au nane kulingana na majira.

Ambalo filamu hailionyeshi kabisa ni giza. Baridi mtajiandaa nayo, kwa sababu kila mtu atawaambia: usiku wa Januari mjini Burlington kwa kawaida hushuka hadi nyuzi 10 chini ya sifuri, na mara nyingine 20, na makoti na viatu vya kufaa hununuliwa huko huko kwa bei ya chini katika maduka ya mitumba. Lakini mwezi wa Desemba jua la Burlington huzama kama saa 10 na robo. Mtoto aliyezoea kutoka shuleni, kula, na bado akawa na saa mbili za ufukweni, atatoka darasani na kukuta siku imekwisha. Wengi hudhani wamemkosea mtu au kwamba wanaugua, kumbe mwili umekosa mwanga. Watoeni nje mchana kila wikendi hata kama kuna baridi, na katika ziara ya kwanza kwa daktari wa watoto ulizeni kuhusu vitamini D, kwa kuwa ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi kuitengeneza, na jua la huko majira ya baridi halitoshi.

Mlima nao una gharama ambayo Johnny hakuitaja hata mara moja. Tiketi ya siku moja katika vituo vikubwa kama Stowe hupita dola 100, mbali na kukodi vifaa. Msikate tamaa kwa ajili hiyo. Mjini Richmond, karibu na Burlington, kipo kituo kidogo cha Cochran's, kilichoanzishwa na familia moja mwaka 1961, ambacho hakiendeshwi kwa faida na kipo kwa ajili ya kuwafundisha watoto. Binti mmoja wa familia hiyo, Barbara Ann Cochran, alishinda dhahabu ya Olimpiki huko Sapporo mwaka 1972. Ulizeni pia shuleni, kwa maana shule nyingi za Vermont huwapeleka wanafunzi mlimani kwa bei nafuu. Na binti yako akisema hataki kwenda, asilazimishwe. Wako watoto wengi wa Vermont wasiopenda kuteleza, na wanaishi vizuri tu.

Kuhusu wakati wa kuitazama, nashauri mara mbili. Itazameni mara moja sasa, kwa furaha, bila maelezo mengi, ili watoto waione theluji kama kitu cha kuchezewa kabla hawajaiona kama adha. Kisha itazameni tena Januari au Februari, wakati mwanao atakuwa amekwisha kuanguka mara za kutosha kutofautisha filamu na mlima, na hapo ndipo mumzungumzie Sam na Pete. Mkiipenda, ipo ya pili iliyotoka mwaka 2007, ambamo Johnny anarudi Hawaii kwenye harusi ya babu yake na kukuta amepata baba mdogo ambaye ni mdogo kwake kwa umri. Marekani hilo lilihesabiwa kuwa kichekesho cha kutosha kujaza filamu, lakini Ukunda sidhani kama litamshangaza mtu.

Mwisho ni ubao. Auache. Ndege hutoza mzigo mkubwa, na ubao wa maji hautumiki kwenye theluji. Achukue ule mkanda wake wa kiunoni wa kushikia tiara, maana hauchukui nafasi kubwa na umekwisha kuuzoea mwili wake. Burlington iko kando ya Ziwa Champlain, na wapo watu wanaoteleza humo kwa ubao na tiara upepo wa kusini unapovuma. Maji hubaki baridi hadi Juni, kwa hiyo atahitaji vazi zito la mpira, na ni bora akodi au anunue vifaa vingine kutoka kwa watelezaji wa huko huko, ambao watamweleza pia sehemu zenye mawe na pepo za kuziepuka.